Baba yangu anatembea bila pia ya goti. Na mimi niitoe?

Mama, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama.

Mimi ni fundi marumaru, nina miaka 41, naishi Dar es Salaam na mke wangu na watoto wetu watatu. Kazi hii niliingia kama saidia fundi, nikikoroga gundi na kubeba maboksi ya vigae, na leo nina vijana wawili ninaowafundisha mwenyewe. Sijui kazi nyingine, na hii naipenda. Nikimaliza sebule nikaweka pima maji kila kona na pote pakasema sawa, nasikia raha ambayo siwezi kuieleza.

Tatizo ni goti la kulia. Lilianza taratibu, nikishuka ngazi tu. Kisha likawa linauma nikikaa muda mrefu kwenye daladala. Sasa jioni, nikitaka kusimama kutoka sakafuni, inabidi nishike ndoo au nimuite kijana anivute. Nikilikunja nasikia mkwaruzo ndani. Tena kuna wiki ambazo hapa mbele, juu kabisa ya pia, panavimba na kuwa laini ukipabonyeza. Nikipumzika Jumapili uvimbe unapungua, Jumatatu unarudi.

Nilikwenda hospitali, nikapigwa eksrei. Daktari alisema gegedu la nyuma ya pia, lile tabaka laini linalofunika mfupa, limeanza kuchakaa. Alinipa vidonge vya diklofenaki, akaniambia nipumzishe goti, akaniandikia na karatasi ya kwenda kwa watu wa mazoezi ya viungo. Huko sikwenda, kwa sababu ni asubuhi, na asubuhi ndiyo saa ya saiti. Vidonge vilipoisha nimekuwa nikinunua vingine dukani. Kuna kijana wa duka la dawa mtaani kwetu ameniambia anaweza kunichoma sindano palepale kwenye goti, maumivu yakaisha siku hiyo hiyo.

Mzee wangu yuko kijijini. Mwaka 1978 alipata ajali ya lori, pia yake ya goti ikavunjikavunjika, madaktari wakaitoa yote. Mpaka leo anatembea, anakwenda shamba, anakwenda msikitini. Ngazi ndizo hazipendi. Akishuka hutanguliza mguu uleule kila kidato na mkono uko ukutani. Nilipomweleza habari zangu alinijibu: "Hicho ni kifuniko tu, mwanangu. Mimi walinitolea na sijafa." Tangu hapo nawaza, kama kinachouma ni pia, kwa nini nisiitoe yakaisha? Nina akiba kidogo kwenye kikoba.

Mke wangu yeye anataka niache kazi kabisa. Mdogo wake ana duka la vifaa vya ujenzi Kibaha na amesema nafasi ipo. Shemeji ni kijana mzuri, hana neno baya na mimi. Ila mimi ndiye niliyemfundisha kushika mwiko, leo nikae nyuma ya kaunta yake nikihesabu misumari? Nilimwambia mke wangu kwamba heshima yangu iko kwenye kazi yangu. Akanijibu, "Ukishakuwa mlemavu, watoto watakula hiyo heshima?" Tangu siku hiyo hatujaongea vizuri.

Na wakati huohuo nimepata kazi kubwa Bagamoyo, nyumba ya wageni, vyumba vingi, malipo kwa mita ya mraba. Mkandarasi anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nikiipata hiyo, ada na kodi ya mwaka mzima imekwisha.

Jambo la mwisho sijamwambia mtu. Kusujudu kunaniuma. Naona aibu kusali kwenye kiti msikitini, mtu wa umri wangu, katikati ya wazee. Kwa hiyo nimeanza kusali nyumbani, mlango nimeufunga.

Nisaidie, Mama. Niitoe, niache kazi, au nivumilie?

Fundi, Dar es Salaam

* * *

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara nyingi kabla ya kuijibu, kwa sababu ndani yake mna maumivu ya goti na mna maumivu mengine ambayo eksrei haiyaoni. Umeniuliza njia tatu: kuitoa, kuacha, au kuvumilia. Nitakueleza ninachokijua kuhusu goti, kisha tuangalie kama kweli njia ni hizo tatu peke yake.

Tuanze na kauli ya mzee, maana ndiyo iliyokukaa moyoni. Hayuko peke yake kuwaza hivyo. Mwaka 1937 daktari mpasuaji wa Uingereza, Ralph Brooke, aliandika kwamba pia ya goti haina kazi ya maana, na kwamba mtu akitolewa pia hiyo, goti linafanya kazi vizuri, pengine kuliko mwanzo. Madaktari wengi walimfuata, na kwa miaka mingi kutoa pia iliyovunjika likawa jambo la kawaida. Baadaye wengine wakapima. Mmoja wao, Herbert Kaufer, alichapisha vipimo vyake mwaka 1971, vikaonyesha kwamba goti lisilo na pia linapoteza nguvu nyingi ya kujinyoosha.

Sababu yake wewe fundi utaielewa haraka. Sukuma mlango ukiwa umeweka mkono karibu na bawaba, utatoka jasho. Sukuma upande wa kitasa, unafunguka kwa kidole. Nguvu ni ileile, umbali kutoka kwenye bawaba ndio umebadilika. Misuli minne ya mbele ya paja inashuka na kuwa kano moja, kano hiyo inapita mbele ya goti na kushika juu ya mfupa wa muundi. Ikivuta, mguu unanyooka. Pia iko ndani ya kano hiyo. Inaisogeza kano mbele, mbali na kitovu cha goti, ili mvuto uleule uzae nguvu zaidi. Goti linapokaribia kunyooka kabisa, mchango huo hufika takriban asilimia 30. Ukiiondoa pia, paja linalazimika kuvuta zaidi sana kupata kazi ileile, na pale mwishoni pa kunyoosha ndipo mtu anapohisi upungufu.

Sasa rudi kwa mzee. Umeniandikia mwenyewe kwamba akishuka ngazi hutanguliza mguu uleule na mkono uko ukutani. Nadhani umemzoea hivyo tangu utotoni, ukaona ndiyo mwendo wake. Siwezi kumpima kutoka hapa, na umri nao una yake, lakini kushuka ngazi ni kazi ya paja kuushikilia mwili wote usianguke, na mtu asiye na pia huipata shida hapo hasa. Yeye madaktari walimtolea kwa sababu mfupa ulikuwa vipande, na kwa wakati ule huenda halikuwepo jambo bora la kumfanyia. Mzee amebeba upungufu huo kwa ujasiri hata nyie watoto hamkuuona. Ningependa umuulize siku moja, kwa upole, ni mambo gani aliyaacha baada ya 1978. Huenda hajawahi kuulizwa.

Neno "kifuniko" nalo lina ukweli wake. Pia ya goti hukinga kweli. Goti likikunjwa, huteleza kwenye mfereji wa mwisho wa fupa la paja na kukaa mbele, ndiyo inayopokea pigo ukianguka au ukigonga kona ya meza. Vilevile huizuia kano isisuguliwe na mfupa. Nyuma yake ina gegedu ambalo ni miongoni mwa yaliyo manene kuliko yote mwilini, hufika milimita 5 na zaidi. Mwili hauweki unene wa namna hiyo mahali pasipo na mzigo. Ukitembea barabarani, pia ya goti hukandamizwa kwenye fupa la paja kwa nguvu ya karibu nusu ya uzito wako. Kwenye ngazi inafika kama mara 3 ya uzito wako. Ukichuchumaa chini kabisa na kuinuka, inafika mara 7 hadi 8. Kwa mtu wa kilo 75 hiyo ni zaidi ya kilo 500, na wewe unainuka kutoka sakafuni siku nzima.

Kwa hiyo nikuulize kitu. Umesema "kama kinachouma ni pia". Una hakika? Gegedu lenyewe halina mishipa ya fahamu, haliwezi kuuma. Maumivu hutoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando wa ndani wa goti na nyama laini zinazoizunguka pia. Watu wengi wa umri wako wakipigwa picha magoti yao huonyesha uchakavu, na hawana maumivu yoyote. Wengine picha zao ni safi na wanalia usiku. Daktari alikuambia kweli aliyoiona, lakini "limeanza kuchakaa" si hukumu ya ulemavu. Nahisi ulitoka pale ukiwa umeisikia kama hukumu, na mkeo akaisikia hivyo kutoka kwako.

Tena naona mambo mawili katika goti moja. Maumivu ya ngazi, ya kukaa muda mrefu na ya kuinuka ni ya pia na mfereji wake. Ule uvimbe laini juu ya pia ni jambo jingine, unafanana na kuvimba kwa kifuko chembamba cha ute kilicho kati ya ngozi na mfupa. Kifuko hicho kipo ili ngozi iteleze. Kikigandamizwa sakafuni kila siku hujaa maji. Ni ugonjwa unaojulikana wa watu wanaofanya kazi kwa magoti: wapiga deki, wachimba makaa, mafundi wa sakafu kama wewe. Uingereza imewaingiza mafundi wa mazulia na sakafu kwenye orodha ya wanaoweza kulipwa fidia kwa magoti yaliyoharibiwa na kazi, tangu mwaka 2012. Nakuambia hili ili ujue si uzembe wako, na hakuna jirani aliyekutupia kitu.

Kuhusu uvimbe huo nakuomba uniahidi. Siku utakapokuwa mwekundu na wa moto, au ukapata homa, au ngozi yake ikachubuka na kutoa usaha, usisubiri Jumapili. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Vilevile goti likikwama ghafla, au ukashindwa kabisa kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka.

Na yule kijana wa duka la dawa, hapana, mwanangu. Hapa siwezi kukuzungukia. Sindano ya ndani ya goti inachomwa na mtu aliyesomea, kwa usafi kamili, akijua ni dawa gani na kwa nini. Kijidudu kikiingia ndani ya goti kinaweza kuliharibu kwa siku chache, kuliko marumaru ilivyoliharibu kwa miaka. Hata sindano halali ya daktari hutuliza kwa muda tu, na zikirudiwarudiwa kuna hofu ya gegedu kupungua zaidi. Vidonge vya diklofenaki navyo, ukivila mfululizo bila kuangaliwa, huumiza tumbo hadi vidonda, hupandisha shinikizo la damu na huchosha figo. Mfanyakazi wa jua kali anayekunywa maji machache yuko hatarini zaidi. Mwambie daktari wazi umevila kwa muda gani.

Sasa ile karatasi ya mazoezi uliyoiacha. Naelewa, asubuhi ndiyo riziki. Lakini tazama ulivyopanga: uko tayari kuvunja kikoba kwa ajili ya upasuaji, ukakosa asubuhi chache za mazoezi, na mazoezi hayo ndiyo matibabu ya kwanza ya maumivu ya aina hii. Misuli ya paja na ya nyonga ikiwa imara, pia ya goti huteleza vizuri kwenye mfereji wake na mzigo unagawanyika. Si jambo la siku mbili. Watu wengi huanza kuona tofauti baada ya wiki 6 hadi 12, tena wakiwa wanafanya nyumbani, si kliniki tu. Kulala chali na kunyanyua mguu ulionyooka. Kulala ubavu na kuupandisha mguu wa juu. Kukaa na kusimama kwenye kiti kirefu bila kushika. Mtaalamu atakuonyesha yapi yanakufaa na uanzie wapi, na kliniki nyingine hukubali kumpangia mtu saa ya mchana ukiwaeleza kazi yako. Uliza kabla ya kudhani. Maumivu madogo wakati wa mazoezi yanavumilika. Yakibaki makali mpaka kesho yake, umezidisha.

Ukitaka bado kumuona daktari wa mifupa kuhusu upasuaji, ni haki yako, na umuone. Muulize kwa nini siku hizi madaktari hujitahidi kuiunga pia iliyovunjika kwa waya na skrubu badala ya kuitoa. Muulize nguvu kiasi gani paja lako litapoteza, na itachukua muda gani kabla ya kuinuka sakafuni bila kushika. Kwa maumivu kama yako kuitoa ni jambo la mwisho kabisa, pale mengine yote yameshindikana, na kwa sasa wewe mengine hujayajaribu.

Tuje kwenye kazi. Mkeo anasema acha, wewe unasema endelea, na nyote wawili mnazungumza kana kwamba kazi ya marumaru ni kitu kimoja. Mimi naona kazi kadhaa ndani yake. Kuna kupima chumba na kupiga kamba, kuna kukata, kuna kukoroga gundi, kuna kulaza, kuna kujaza grauti kwenye mianya ya vigae na kufuta. Magoti yanateseka zaidi kwenye kulaza na kufuta. Una vijana wawili. Je, wamefika mahali pa kulaza chumba peke yao ukiwa umesimama unakagua? Kama ndiyo, utawalipa zaidi, na wewe mfukoni kitapungua. Hilo ni gharama halisi, silifichi. Kazi ya kukata nayo unaweza kuiinua kutoka chini ukaiweka kwenye meza ya mbao. Na pedi za magoti, sijaona neno lake kwenye barua yako. Pedi nene zinakisaidia kile kifuko cha ute sana. Ila zisikudanganye, hazipunguzi mzigo wa kujikunja na kuinuka. Kwa hilo dawa ni kubadili mkao mara kwa mara, kutokalia visigino muda mrefu, na kuinuka kila baada ya safu chache uunyooshe mguu.

Bagamoyo ina faida yake na hatari yake. Malipo ya mita ya mraba humfanya mtu akimbizane na saa, na goti halijui tarehe ya mkandarasi. Ukikubali kwa kasi yako ya zamani, unaweza kumaliza kazi ukiwa na ada mkononi na goti lililovimba moja kwa moja. Ukikataa, unaweza kukaa nyumbani bila kazi na goti bado linauma, kwa sababu kupumzika peke yake hudhoofisha paja, na paja dhaifu linalirudisha tatizo.

Duka la Kibaha nalo si pepo. Mifuko ya saruji ya kilo 50 inabebwa na nani? Kusimama mchana kutwa na kukaa muda mrefu kwenye kiti vyote vina lake, na kukaa umeshasema kunakuuma. Lakini pia nikuulize, mwanangu: nani alikuambia utahesabu misumari? Shemeji alisema nafasi ipo, hakusema nafasi gani. Duka la vifaa vya ujenzi linahitaji mtu anayemtazama mteja na kumwambia chumba chako kitakula maboksi mangapi, gundi hii inafaa bafuni, ile haifai. Huo ni ujuzi wako. Huenda angekutaka kwa siku chache za wiki, huku kazi ndogo za marumaru ukiendelea nazo. Huenda asitake. Hujamuuliza, umejijibia mwenyewe kwa niaba yake. Na ukweli kwamba ulimfundisha kushika mwiko unaweza kuwa ndiyo sababu iliyomfanya akufikirie.

Maneno ya mkeo yalikuwa makali, lakini ukiyasikiliza vizuri ni ya mtu aliyeogopa. Anakuona jioni ukivutwa kusimama. Wewe unamjibu kwa habari ya heshima, yeye anasikia kwamba heshima inakuja mbele yake na watoto. Jaribu kumwonyesha barua hii, au mchukue mwende naye kwa mtaalamu wa mazoezi asikie mwenyewe goti lina hali gani. Hofu ya kitu kilichoelezwa ni ndogo kuliko hofu ya kitu kinachofichwa chini ya kikombe cha chai na vidonge viwili.

Na ile sala ya mlango uliofungwa, ndiyo iliyoniuma kuliko yote. Ruhusa ya kusali umekaa kwa mgonjwa ipo wazi na haina umri. Asiyeweza kusujudu huinamisha kichwa kwa ishara, na anayeweza kusimama husimama pale anapoweza. Imamu wako atakueleza namna. Wale wazee unaowaona aibu watakupisha kiti na kukuuliza goti limeanzaje, na sidhani kama kuna mmoja wao atakayekucheka. Kama bado ni vigumu, anza na swala ya Alfajiri, watu wanapokuwa wachache.

Mwisho wa mwezi haujafika. Una muda wa kumpigia mkandarasi simu na kumuuliza swali moja kabla ya kusema ndiyo au hapana: je, anaweza kukupa vyumba kwa awamu, upande mmoja wa jengo kwanza, na tarehe ndefu zaidi, wewe ukisimamia na vijana wakilaza? Akikubali una jambo la kumpelekea mkeo. Akikataa, utajua kabisa kazi hiyo inataka nini kwenye goti lako. Kisha uniandikie, na uniambie mtaalamu wa mazoezi alikupa saa ngapi.